Kiwanja cha pwani: jinsi ya kupima mwenyewe kama bahari itakufikia

Maswali yanayokuja ni yale yale. Nimepata kiwanja Bagamoyo, mita 80 kutoka baharini, ninunue? Nyumba ya marehemu baba iko Kigamboni, maji yatafika lini? Programu ya simu inasema niko mita 6 juu ya bahari, niko salama? Nimeamua kuandika jibu moja refu badala ya kujibu kila mtu vipande vipande.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida mwenye kiwanja, nyumba, banda la biashara au shamba katika mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na visiwani. Hauchukui nafasi ya mhandisi kwa anayejenga ghorofa au hoteli. Kwa nyumba ya familia, hata hivyo, utakuambia mengi kuliko dalali.

Ukikumbuka neno moja tu, kumbuka hili: kila kitu kipimwe kuanzia maji ya bamvua (yale yanayojaa sana kuliko siku nyingine), si kutoka "usawa wa bahari" wa kwenye ramani. Usawa ule wa ramani ni wastani. Hakuna nyumba iliyowahi kuingiliwa na wastani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari iliyo karibu nawe, la mwaka mzima. Mamlaka za bandari hulitoa, na programu za simu za wavuvi pia zinalo.
- Mpira mwembamba unaoonesha maji ndani, mita 15 hadi 20. Ni ule ule mafundi wanaotumia kuweka usawa wa msingi.
- Fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2, zikiwa na alama za sentimita. Utepe wa fundi ukiufunga kwenye fito unatosha.
- Vigingi vichache, rangi au chaki, daftari na msaidizi mmoja.
- Google Earth ya kompyuta, ile yenye picha za miaka ya nyuma.
- Subira ya mwezi mmoja hivi. Kazi yenyewe ni ya saa chache, lakini mwezi wa angani haukusubiri wewe.

Hatua ya 1: Nenda siku ya bamvua, saa ya maji kujaa

Kwenye mwambao wetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kilele chake mara nyingi ni siku moja au mbili baadaye. Anayefuata kalenda ya Kiislamu atazame tarehe 1 hadi 3 za mwezi, na 15 hadi 17. Siku hizo, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, maji hujaa kwenye saa 10 alasiri (na saa 10 alfajiri) na kupwa kwenye saa 4 asubuhi.

Sasa fikiria dalali anapenda kukupeleka saa ngapi. Saa 4 asubuhi. Siku ya bamvua saa hiyo bahari imekimbia, ufuo ni mpana mpaka watoto wanacheza mpira. Ukienda siku ya maji mafu (kati ya bamvua na bamvua, bahari inapopanda na kushuka kidogo) saa hiyo hiyo, maji yatakuwa yamejaa, lakini ni kule kujaa kwa kivivu kusikofika popote. Kwa hiyo unaweza kutembelea kiwanja asubuhi mara kumi na usiione bahari ikiwa juu hata mara moja. Sisemi madalali wote wanalijua hilo. Nasema nenda alasiri.

Bamvua kubwa kuliko zote za mwaka huangukia Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba. Ukiweza kusubiri miezi hiyo, subiri.

Hatua ya 2: Weka alama mbili, si moja

Fika nusu saa kabla ya muda wa jedwali. Utaweka vigingi viwili.

Alama A ni ya maji yenyewe. Kwenye hori, gati au kati ya mikoko, ambako hakuna mawimbi, ni rahisi: weka alama maji yanapokoma kupanda. Kwenye ufuo wazi, tazama kwa dakika kumi mahali wimbi linapofika na linaporudi, kisha piga kigingi katikati yake.

Alama B ni mwisho kabisa wa mawimbi. Utaujua kwa mstari wa mwani, majani makavu, vifuu na chupa za plastiki. Mistari ikiwa miwili, ule wa juu ni wa bamvua kubwa zaidi au wa siku ya upepo. Chukua wa juu.

Tofauti ya kimo kati ya A na B ndiyo inayokuonesha mawimbi ya hapo yanapandisha maji kiasi gani. Andika zote mbili, pamoja na kimo ambacho jedwali lilitabiri siku hiyo. Wengi huandika alama B peke yake, kisha mbele ya safari wanaongeza tena mawimbi juu yake. Hapo umehesabu kitu kimoja mara mbili, na unaweza kukimbia kiwanja kizuri bure.

Hatua ya 3: Pandisha usawa hadi kiwanjani kwa mpira wa maji

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanaporuka kwa sababu simu "imeshawaambia" mwinuko. Mwinuko wa GPS ya simu hukosea kwa mita kadhaa. Ramani za bure za setilaiti nazo zina tatizo lao. Ile maarufu ya SRTM ilipimwa kwa rada kutoka angani mwezi Februari 2000, na rada hiyo iliona mapaa ya nyumba na vichwa vya minazi, si udongo. Mtaa ulio mita 2 juu ya bahari unaweza kuandikwa mita 5. Sisi tunatafuta sentimita 30, kwa hiyo mpira wa maji wa bei ya sahani chache za chakula unaishinda setilaiti.

Fanya hivi:

1. Jaza mpira maji polepole kutoka kwenye ndoo iliyo juu, mpaka viputo vyote vitoke. Kiputo kimoja kikibaki katikati, vipimo vyote ni uongo.
2. Fito ya kwanza isimame kwenye alama A. Msaidizi ashike ya pili mbele, kuelekea kiwanjani, umbali mpira unaoruhusu.
3. Kila mmoja ashike mdomo wa mpira kwenye fito yake, midomo yote ikiwa wazi. Kosa la kawaida ni kuziba kwa kidole ili maji yasimwagike wakati wa kutembea, kisha kusahau kuondoa kidole. Maji hayatatulia sawa.
4. Maji yakitulia, kila mmoja asome yamesimama sentimita ngapi kutoka ardhini.
5. Toa kipimo cha mbele kutoka cha nyuma. Nyuma ikisoma sentimita 140 na mbele 110, ardhi ya mbele iko juu kwa sentimita 30.
6. Fito ya mbele isiondoke hapo ilipo. Ya nyuma ivuke iende mbele yake, na kazi irudiwe mpaka kiwanjani. Jumlisha tofauti zote, na pale ardhi inaposhuka usisahau alama ya kutoa.
7. Rudi ulikotoka kwa njia hiyo hiyo ukipima. Jumla ya kwenda na kurudi iwe sifuri. Ikizidi sentimita 5, anza upya.

Usiache kupima mahali palipo chini kuliko pote kwenye kiwanja, sakafu ya nyumba (au usawa unaotaka kumwaga jamvi), kifuniko cha shimo la choo, mdomo wa kisima na barabara unayotokea. Watu hupima sakafu wakasahau barabara. Nyumba kavu isiyofikika ni nusu ya mafuriko tayari.

Njiani pima pia alama B.

Hatua ya 4: Sahihisha kwa bamvua kubwa ya mwaka

Fungua jedwali, tafuta kimo kikubwa kuliko vyote cha mwaka huo. Kutoka humo toa kimo kilichotabiriwa siku uliyoweka alama A. Jedwali likisema siku yako maji yalikuwa mita 3.7 na kubwa ya mwaka ni 4.1, ongeza sentimita 40.

Onyo: vimo vya jedwali havianzii pale zinapoanzia ramani za ardhi. Jedwali la baharia huhesabu kutoka karibu na maji ya chini kabisa ya kupwa, maana nahodha anaogopa kugusa chini. Ramani ya ardhi huhesabu kutoka wastani. Kwetu tofauti ya hizo mbili ni kama mita 2. Anayechukua "mita 4.1" ya jedwali na kuilinganisha na "mita 3" ya ramani ya mipango miji atadhani mtaa mzima unazama kila mwezi. Ndiyo maana tunatumia tofauti tu ndani ya jedwali moja, hatuchanganyi.

Hatua ya 5: Ongeza bahari ya kesho

Nadharia ni fupi. Bahari inapanda kwa sababu maji yakipata joto hutanuka, na kwa sababu barafu za nchi kavu zinayeyuka. Kati ya 1901 na 2018 wastani wa dunia ulipanda sentimita 20, na mwendo unaongezeka: kati ya 2006 na 2018 ulikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inakadiria hivi, ikilinganisha na wastani wa 1995 hadi 2014:

- Kufikia 2050: sentimita 15 hadi 29, kutegemea hewa chafu itakayotolewa. Tofauti kati ya njia nzuri na mbaya bado ni ndogo.
- Kufikia 2100: sentimita 28 hadi 55 kwa njia nzuri kabisa, 63 hadi 101 kwa njia mbaya. Ripoti haikufuta uwezekano wa kukaribia mita 2 barafu zikivunjika vibaya.

NASA wana chombo cha bure mtandaoni kinachoonesha makadirio hayo kituo kwa kituo, kwa hiyo tafuta kituo kilicho karibu nawe. Kwa mwambao wetu namba hazitofautiani sana na za dunia.

Chagua namba kwa umri wa unachojenga. Banda la makuti la miaka 10: sentimita 10 zinatosha. Nyumba ya tofali ya miaka 30: weka 30. Ardhi unayotaka wajukuu wairithi: weka 80, na ukiwa mtu wa tahadhari weka 100. Sehemu ya kupanda huko imeshatokea tangu miaka hiyo ya kulinganishia. Usiitoe, iache iwe akiba.

Hatua ya 6: Ongeza mawimbi ya siku mbaya

Tofauti ya A na B uliyoipata ni ya siku ya kawaida. Rudi wakati wa kusi kali, Juni au Julai, upime mstari mpya wa takataka, kama ufuo wako unatazama mashariki au kusini. Wa upande wa magharibi wa Unguja asikopi namba za Paje, iliyo mashariki. Anayetaka jibu la haraka achukue tofauti ya A na B aizidishe mara mbili.

Mwamba ulio mbele ndio unaovunja mawimbi. Bahari ikipanda huku matumbawe yakifa, wimbi linapita juu ya mwamba likiwa bado na nguvu, kwa hiyo usidhani kinga ya leo ndiyo ya 2050.

Vimbunga navyo? Kwetu ni nadra, kwa sababu karibu na ikweta havipati mzunguko wa kutosha. Nadra si kamwe: Unguja ilipigwa Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kuanzia Mafia kushuka Mtwara mimi ningeongeza nusu mita bila kubishana. Tanga na Mombasa ningeongeza kidogo tu.

Hatua ya 7: Geuka uangalie nyuma

Maji mengi yanayoingia nyumba za pwani hayatoki mbele. Yanatoka mtoni, hori, mtaroni na chini ya ardhi. Mto unapofurika wakati wa masika na bahari nayo ikiwa imejaa, maji ya mto hayana pa kutokea. Mto Msimbazi pale daraja la Salender ni mfano unaojulikana na kila mtu wa Dar. Na angalia kalenda: bamvua kubwa za Machi na Aprili ndiyo miezi ya masika. Vimekutana vyenyewe.

Kwa hiyo siku ya bamvua, saa 10 alasiri:

- Tazama mtaro wa mtaa. Maji yakirudi nyuma badala ya kwenda baharini, mvua ya siku hiyo itabaki mtaani.
- Pima maji ya kisima, kisha upime tena yakipwa. Yakipanda na kushuka na bahari, shimo la choo nalo linalowa kwa chini.
- Onja. Kisima kilichokuwa baridi kikianza chumvichumvi, bahari imeshaingia chini kwa chini.
- Angalia mimea. Miche ya mikoko ikiota kwenye majaruba ya mpunga, au minazi ikikauka vichwa kwenye bonde, huhitaji kipimo kingine.

Kwa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulichora mitaro na mitaa kwa msaada wa wanafunzi na wakazi, na kazi yao iko wazi kwenye OpenStreetMap. Zanzibar ilipigwa picha kwa droni kisiwa kizima. Vitumie.

Hatua ya 8: Je, ufuo wenyewe unaliwa?

Kiwanja kinaweza kuwa juu vya kutosha na bado kikaondoka. Fungua picha za zamani kwenye Google Earth, chagua kitu kisichohama (kona ya nyumba, mbuyu), pima umbali wake hadi ukingo wa majani katika picha ya zamani kabisa na ya sasa. Gawanya kwa miaka. Usipime hadi kwenye maji, kwa sababu picha moja ilipigwa yamejaa na nyingine yamekupwa.

Ufuo ukiliwa mita 1 kwa mwaka na nyumba iko mita 25 kutoka ukingoni, jibu unalo. Kunduchi hoteli ya Africana iliachwa kwa sababu ya mmomonyoko. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti na kasa wakitaga; leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Uliza pia kama kuna wanaochimba mchanga kwenye mto unaoleta mchanga ufuoni kwako.

Hatua ya 9: Uliza watu, lakini uliza vizuri

"Maji huwa yanafika hapa?" ni swali bovu, utajibiwa "hapana" na anayetaka uuziwe na "ndiyo" na anayekitaka yeye. Uliza: "Mwaka wa Hidaya maji yaliishia wapi, nioneshe?" Akakuonesha kwa mkono, pima pale kwa mpira. Waulize wavuvi na wakinamama wa mwani kabla ya sheha au mwenyekiti wa mtaa.

Hatua ya 10: Fanya hesabu

Mfano wa kubuni. Mahali pa chini pa kiwanja pako sentimita 150 juu ya alama A, sakafu iko 210. Bamvua kubwa ya mwaka 40, bahari ya miaka 30 ijayo 30, mawimbi 50. Jumla 120. Uwanja umebakiwa na sentimita 30, sakafu na 90. Kwa 2100 weka bahari 80: jumla 170. Uwanja utakuwa chini ya maji kwa sentimita 20 siku mbaya, sakafu bado kavu. Nyumba ijengwe, shimo la choo lihamishiwe juu, na mtu asiseme hiyo ni ardhi ya vitukuu.

Jumla ikikaribia au kuzidi sakafu, acha. Kama hujanunua, huna hasara.

Tanzania Bara kumbuka pia Sheria ya Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Zanzibar na Kenya zina masharti yao. Hati mkononi haifuti sheria hiyo.

Ukikwama

*Pwani yote ina ukuta, sioni mstari wa takataka.* Tumia mstari wa chaza na ukungu wa kijani kwenye ukuta kukisia, kisha rudi bamvua uthibitishe alama A. Ukuta wenyewe usiuhesabu kama kinga mpaka ujue nani anautunza, na mchanga wa mbele yake unapungua au la.

*Kwenda na kurudi havilingani.* Mara tisa katika kumi ni kiputo au kidole. Mara ya kumi fito imezama kwenye mchanga laini. Weka kigae chini yake.

*Kiwanja kiko juu ya jabali la matumbawe, mita 5 juu.* Maji ya bahari si tatizo lako la kwanza. Chungulia chini ya jabali: likiwa limeliwa na maji likabaki limening'inia kama paa la kibanda, rudi nyuma sana kabla ya kujenga.

*Wazee wanasema miaka yote hapajawahi kuingia maji.* Inawezekana ni kweli. Tukio lenye uwezekano wa 1 kwa 100 kila mwaka lina nafasi ya asilimia 26 kutokea ndani ya miaka 30. Tena bamvua zenyewe hukua na kupungua kidogo kwa mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6, kwa hiyo miaka mitano ya utulivu haithibitishi kitu.

*Upepo ulivuma sana siku niliyopima.* Rudia bamvua ijayo. Alama A ya siku ya upepo haina maana.

*Nimeshanunua, na hesabu imenikatalia.* Usikimbilie kujenga ukuta peke yako. Mawimbi yatazunguka pembeni, yamege ardhi ya jirani, kisha yarudi kwako kwa nyuma. Peleka nyumba kwenye kona ya juu ya kiwanja. Inua jamvi juu ya jumla yako ya 2050 na uongeze sentimita 30. Soketi za umeme ziwe usawa wa kifua, bomba la maji taka liwe na vali inayopitisha maji upande mmoja tu, na mikoko au majani ya ufuoni yasiguswe. Ikiwa hata hivyo sakafu haitoki majini, jenga banda la makuti, lifanyie biashara, na fedha ya tofali ipeleke mahali pengine.